Daktari Ward na Sanduku la Kioo

Wenzangu wengi wanawajua waliovumbua gari moshi na simu, lakini Nathaniel Bagshaw Ward, aliyepata sifa kubwa Uingereza katika karne ya 19, sijamsikia akitajwa hapa shuleni. Mimi nampenda kwa sababu alikuwa daktari wa mtaa tu, na uvumbuzi wake aliupata nyumbani.

Alizaliwa London mwaka 1791. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alipelekwa Jamaica, na huko akayapenda mno makangaga na miti ya jamii ya mnazi. Aliporudi alishika kazi ya udaktari kama baba yake, akawa anakaa Wellclose Square, mashariki ya mji, karibu na bandari. Moshi wa makaa ya mawe ulikuwa mzito huko, hata makangaga aliyoyapanda uani yakafa.

Mwaka 1829 alitia udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaweka humo mdudu aliyejifunga, akaifunika, ili amwone akitoka nondo. Badala yake akaona jambo jingine. Mchana unyevu ulitoka udongoni ukashika kioo, kisha ukateremka tena, na udongo haukukauka. Punde likachipua kangaga dogo pamoja na unyasi. Viliishi karibu miaka 4 bila kutiwa maji, mpaka kifuniko kilipoliwa na kutu na mvua ikaingia. Yule nondo, nadhani, alisahauliwa.

Siku zile miche iliyosafirishwa baharini ilikufa karibu yote kwa chumvi na kwa kukosa maji matamu. Mwaka 1833 Ward akatia makangaga na nyasi katika masanduku mawili ya kioo, akayapeleka Sydney kwa meli. Mimea ikafika hai. Masanduku yakajazwa mimea ya Australia, yakarudi mwaka 1834 kwa kupitia joto kali na theluji, nayo ikafika salama.

Tangu hapo mimea ikasafiri dunia nzima. Miti ya kwinini ilitolewa Amerika ya Kusini ikapandwa India, na sisi wa nchi za malaria twaujua uchungu wa dawa hiyo. Robert Fortune naye alichukua miche ya chai China kwa maelfu, akaipeleka India. Wachina hawakuombwa ruhusa, na jambo hilo siwezi kulisifu.

Ward alitoa kitabu mwaka 1842. Matajiri wakapamba sebule zao kwa masanduku yenye makangaga na okidi, ambazo nyingi hazitaki udongo, bali hushika matawi ya miti na kunywa unyevu wa hewa. Lakini yeye aliwafikiria pia maskini wa mitaa ya moshi, akataka nao wawe na majani mabichi dirishani, na nyumba zao zipate mwanga. Alifariki mwaka 1868. Masanduku yake yaliendelea kutumika katika bustani ya Kew hata katikati ya karne ya 20.