Padri aliyegundua kuwa nyuki dume hana baba

MFUGAJI wa nyuki akifungua mzinga na kukuta malkia anazaa madume matupu, hajui kama acheke au alie. Dume hachumi nekta wala hatengenezi asali; kazi yake ni kula na kumpanda malkia.

Aliyeeleza kwanza chanzo cha hasara hiyo alikuwa padri wa kijijini, Jan Dzierzon. Alizaliwa Januari 16, 1811 katika kijiji cha Lowkowitz, Silesia, eneo lililokuwa la Prussia na ambalo leo liko Poland. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisomea upadri Breslau, kisha akapewa parokia ya Karlsmarkt, alikofuga nyuki.

Mwaka 1838 alibuni mzinga ambao masega yake yalining'inia kwenye vipande vya mbao, hivyo yaliweza kutolewa moja moja na kurudishwa bila kuliangamiza kundi. Asali iliongezeka, naye akapata nafasi ya kutazama malkia anavyotaga.

Mwaka 1845 alitangaza katika jarida la wafugaji kwamba yai lililorutubishwa hutoa jike, awe kibarua au malkia, na lisilorutubishwa hutoa dume. Kwa hiyo malkia ambaye hakupandwa, au aliyeishiwa mbegu, huzaa madume tu. Alipingwa vikali. Padri kusema kuna kiumbe asiye na baba halikuwa jambo dogo!

Mwaka 1853 aliagiza nyuki wa manjano kutoka Italia, wakachanganyika na nyuki weusi wa Ujerumani. Malkia wa manjano aliyepandwa na madume weusi alizaa vibarua wa rangi mchanganyiko, lakini madume wake walikuwa wa manjano kama mama yao. Mtaalamu Siebold alipima mayai kwa hadubini, na mwaka 1856 akamuunga mkono.

Sababu ya ndani ilijulikana baadaye sana. Mwaka 2003 watafiti walieleza jeni inayoamua jinsia ya nyuki. Yai likiwa na nakala mbili zinazotofautiana, jeni nyingine husomwa kwa namna ya kike. Likiwa na nakala moja, husomwa kwa namna ya kiume. Ndugu wakipandana, baadhi ya mayai hupata nakala mbili zinazofanana na kutoa madume yasiyofaa, ambayo vibarua huyala yakingali mabuu. Mfugaji huona vitundu vitupu katikati ya sega la watoto akadhani ni ugonjwa, akanunua dawa bure, kumbe anahitaji malkia wa ukoo mwingine.

Dzierzon hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Alikataa fundisho la mwaka 1870 kuhusu Papa kutokosea, akatengwa na Kanisa mwaka 1873. Walipatana mwaka 1905. Alifariki Lowkowitz Oktoba 26, 1906, akiwa na miaka 95.