Wakili Aliyevuka Bahari

Mohandas Gandhi alizaliwa Bara Hindi mwaka 1869. Njia ya uwakili kwao ilikuwa ndefu. Rafiki wa jamaa zake akawashauri wampeleke Uingereza, ambako wakati huo miaka 3 ilitosha. Wakuu wa tabaka lake wakamtenga kwa kuvuka bahari. Hakujali, akaenda London mwaka 1888, akawa wakili mwaka 1891.

Mwaka 1893 tajiri Muislamu wa Durban, Dada Abdulla, alimtaka kwa kesi yake. Mwaka 1894 chama cha mawakili wa Natal kikapinga asisajiliwe. Mahakama Kuu ikamkubali, kwa kuwa sheria haikubagua rangi.

Nasi twawausia vijana wetu: kabla ya kuchagua chuo cha sheria, ulizeni kwanza hati yake yakubaliwa nchi gani.