Franco: Usiku wa Juni 1956 ulioizaa OK Jazz

WAPENZI wa muziki wa rumba wanapolitaja jina la Franco Luambo Makiadi, wengi humkumbuka akiwa pande la mtu mwenye miraba minne, gitaa kifuani, na nyuma yake safu ya waimbaji, wapiga magitaa na wapuliza tarumbeta zaidi ya 20. Hiyo ni sura ya miaka ya 1970 na 1980, alipokuwa amekwisha kupata mali, sifa na mahasimu.

Hata hivyo, umri wa kazi hiyo haukuhesabiwa kuanzia enzi hizo za neema. Wala haukuhesabiwa kuanzia mwaka wa 1953, alipotoa santuri zake za kwanza akiwa mvulana wa miaka 15. Bendi yake ilipoadhimisha miaka 20 mnamo 1976, tarehe iliyochapishwa kwenye majalada ya santuri za maadhimisho hayo ilikuwa Juni 6, 1956. Ndiyo siku ambayo kundi dogo la vijana, baadhi yao wageni jijini, lilianza kujulikana kwa jina la OK Jazz katika baa moja ya Leopoldville.

Ili kufahamu kwa nini siku hiyo ilithaminiwa kuliko santuri zilizoitangulia, sharti kurejea katika maisha ya mtoto aliyelelewa sokoni.

François Luambo Makiadi alizaliwa Julai 6, 1938, huko Sona Bata, mji mdogo ulio kando ya reli ya Matadi, wakati Kongo ilipokuwa chini ya utawala wa Wabelgiji. Babake alikuwa mfanyakazi wa reli. Familia ilihamia Leopoldville, jiji ambalo leo ni Kinshasa, na huko ndiko mvulana huyo alikokulia.

Mnamo 1949 baba alifariki. Mzigo wote ukamwangukia mama, aliyekuwa akiuza maandazi katika soko la mtaa wa Ngiri-Ngiri. Maandazi hayo wenyeji wa huko huyaita mikate. Masomo ya Franco yalikatizwa mapema, kwani karo haikuwapo na midomo ya kulishwa ilikuwa mingi.

Tayari alikuwa amejiundia gitaa la kopo, nyuzi zake zikiwa nyaya za umeme zilizochunwa ganda. Alilipiga kando ya meza ya mamake ili kuwavuta wapita njia. Waliosimama kusikiliza walinunua, na waliozoea kununua walirudi. Kabla hajajua lolote kuhusu studio, mtoto huyo alikuwa amekwisha kung'amua kwamba muziki unaweza kumsimamisha mteja, na mteja akisimama, chakula hupatikana nyumbani.

Aliyemfundisha kulishika gitaa la kweli ni Paul Ebengo, almaarufu Dewayon, kijana aliyekuwa akiishi karibu nao. Yapata mwaka wa 1950 Dewayon alimwingiza katika kundi lake lililoitwa Watam, jina lenye maana ya wahuni. Franco alikuwa na umri wa takriban miaka 12. Hapo ndipo alipopata kwa mara ya kwanza kupiga muziki mbele ya watu akiwa na wenzake, na mwili wake mdogo nyuma ya gitaa kubwa ukawa kioja kilichowafanya watu wamtazame.

Kundi la Watam lilimfikisha katika studio ya Loningisa, iliyomilikiwa na mfanyabiashara Mgiriki, Basile Papadimitriou. Msimamizi wa wanamuziki hapo alikuwa Henri Bowane, mpiga gitaa aliyekuwa amevuma tangu aliposhirikiana na Wendo Kolosoy katika wimbo Marie-Louise. Bowane alimpenda mvulana huyo, akamlea kisanii, na ndiye aliyelifupisha jina lake likawa Franco. Mnamo 1953 Franco alirekodi wimbo wake Bolingo na ngai na Beatrice, na katika muda mfupi akawa kipenzi cha vijana na akina mama wa mitaa ya Waafrika.

Kwa macho ya wengi, kijana huyo alikuwa amefika. Alikuwa na mkataba, alikuwa na gitaa zuri na jina lake lilikuwa midomoni mwa watu. Kilichokosekana ni kitu kimoja: bendi.

Wakati huo studio nyingi za Leopoldville zilikuwa mali ya wafanyabiashara kutoka Ulaya. Mwenye studio ndiye aliyekuwa na mitambo, mara nyingi ndiye aliyekuwa na vyombo, na ndiye aliyeamua nani arekodi na nani angoje. Wanamuziki waliitwa kulingana na mahitaji ya siku. Leo mtu angeshirikiana na huyu, kesho na yule, kisha kila mmoja akaenda zake. Santuri ilibeba jina la msanii, lakini haikumpa msanii mahali pa kusimama.

Isitoshe, santuri za wakati huo, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba muziki wa dakika tatu hivi kila upande. Katika rumba ya Kongo kuna sehemu inayoitwa sebene, ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa hupewa nafasi ili wachezaji wajimwaye uwanjani. Ndani ya studio, sebene ilikatizwa kabla haijakolea. Ndani ya baa, mpiga gitaa angeweza kuirudia na kuirefusha kadiri miguu ya wachezaji ilivyotaka. Kwa mtu aliyejifunza kazi yake kwa kuwatazama wateja wa sokoni, tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno.

Tayari kulikuwa na mfano wa kuigwa. Joseph Kabasele, aliyejulikana pia kama Grand Kallé, alikuwa ameanzisha African Jazz mnamo 1953, bendi yenye mpangilio maalum na wanamuziki wa kudumu, akiwemo mpiga gitaa Nico Kasanda. Vijana wa Loningisa walitamani kuwa na yao.

Nafasi ilipatikana kwa Oscar Kashama, mwenye baa iliyoitwa OK Bar kutokana na herufi za kwanza za majina yake. Wanamuziki kadhaa wa Loningisa walianza kutumbuiza hapo, na mwezi wa Juni 1956 wakajitangaza kuwa bendi. Waliichukua herufi za mwenyeji wao, wakaongeza neno jazz kama ilivyokuwa mtindo wa enzi hizo, ingawa walichopiga kilikuwa rumba. Baadaye herufi hizo zilipewa maana nyingine, Orchestre Kinois, yaani bendi ya watu wa Kinshasa.

Miongoni mwa waasisi walikuwa Jean Serge Essous, mpulizaji wa saksafoni aliyekuwa kiongozi wa kwanza, waimbaji Philippe Lando, maarufu kama Rossignol, na Edouard Nganga, aliyeitwa Edo, mpiga besi Daniel Loubelo, maarufu kama De la Lune, na mpiga tumba Saturnin Pandi. Essous, Edo, De la Lune na Pandi walikuwa wametoka Brazzaville, ng'ambo ya Mto Kongo. Franco, aliyebakisha mwezi mmoja tu kutimiza miaka 18, alikuwa miongoni mwa wadogo wao, na hakuwa kiongozi.

Jambo hilo husahaulika. Bendi ambayo dunia nzima baadaye iliiita bendi ya Franco haikuanza ikiwa yake. Ilikuwa bendi ya ushirika, na kila mmoja alikuja na alichokuwa nacho. Wimbo uliowatambulisha, On entre OK, on sort KO, uliwatania wasikilizaji kwamba aingiaye akiwa mzima hutoka akiwa ameangushwa mithili ya bondia. Wateja wa baa waliupokea kwa furaha, na OK Jazz ikawa na wafuasi wake walioshindana na wale wa African Jazz.

Kisha ukaja mtihani wa kweli. Hata mwaka haukwisha vyema kabla ya Essous, Rossignol na Pandi kuondoka na kumfuata Bowane, aliyekuwa amehamia studio nyingine, ambako walipiga na kundi la Rock-a-Mambo. Mwimbaji Vicky Longomba akajiunga na OK Jazz na kuwa nguzo yake mpya. Mnamo 1958 Franco alifungwa jela kwa makosa ya barabarani. Alipotoka, mashabiki walimlaki kama shujaa, na sifa zake za kuwa mchawi wa gitaa zikazidi kuenea.

Mwaka wa 1959 ulikuwa mgumu zaidi. Ghasia za Januari 4 mjini Leopoldville zilikuwa zimeutikisa utawala wa Wabelgiji, na joto la siasa lilipanda pande zote mbili za mto. Edo na De la Lune walirejea kwao Brazzaville, wakaungana na Essous na Pandi kuanzisha Bantous de la Capitale mwezi wa Agosti. Karibu waasisi wote wa mwaka wa 1956 sasa walikuwa katika bendi nyingine, ng'ambo ya maji.

Kabla jeraha hilo halijapona, Kabasele alialikwa Brussels mnamo Januari 1960, wakati wa mkutano wa kujadili uhuru wa Kongo. Katika msafara wake aliwachukua Vicky Longomba na mpiga gitaa Brazzos kutoka OK Jazz. Huko ndiko ulikotungwa Indépendance Cha Cha, wimbo ulioenea Afrika nzima. Franco hakuwemo. Alibaki nyumbani na bendi iliyopungukiwa na watu, huku wenzake wakiandika historia.

Hapo angeweza kurudi kuwa mpiga gitaa wa kukodiwa. Jina lake lilitosha kumlisha. Badala yake aliajiri vijana wapya na kuendelea kupiga muziki. Mnamo 1961 alijiunga naye Simaro Lutumba, mtunzi aliyekuja kuwa msaidizi wake mkuu kwa miaka mingi. Polepole uongozi ukamwangukia Franco, kwa sababu katika kila kundi lililoondoka yeye ndiye aliyebaki.

Funzo la miaka hiyo lilimwingia hadi kwenye mifupa. Kuanzia hapo alihakikisha kwamba bendi haitategemea mtu mmoja. Verckys Kiamuangana alipoondoka mnamo 1969 na kuunda Vévé, OK Jazz haikuanguka. Sam Mangwana aliingia mnamo 1972 na kuondoka baada ya miaka michache, nayo bendi ikasonga mbele. Waliokuja baadaye, akina Josky Kiambukuta, Ntesa Dalienst na Madilu System, walikuta nyumba iliyokwisha kujengwa. Kufikia miaka ya 1980, TPOK Jazz ilikuwa na wanamuziki wengi kiasi cha kuweza kugawanywa mara mbili, sehemu moja ikitumbuiza Kinshasa na nyingine ikiwa Ulaya.

Nguvu hizo zilikuwa na gharama yake. Aliyekuwa kijana katika bendi ya ushirika aligeuka kuwa mwenye bendi, mwenye ukumbi wa Un-Deux-Trois mjini Kinshasa, na mwenye kauli ya mwisho. Alimsifu Rais Mobutu Sese Seko kwa nyimbo, ukiwemo ule wa kampeni wa 1984, lakini serikali hiyo hiyo ilimtia jela mnamo 1978 kwa sababu ya nyimbo zilizodaiwa kuwa chafu. Wapo waliomwona kuwa msema kweli wa wanyonge, na wapo waliomwona kuwa mpambe wa utawala. Yote mawili yamo katika nyimbo zake.

Nchini Kenya, nyimbo hizo zilipenya kupitia redio na baa bila kungoja tafsiri. Mario, wimbo wa 1985 kuhusu kijana anayeishi kwa jasho la mwanamke aliyemzidi umri, uliwachezesha hata watu wasiojua neno moja la Kilingala. Miaka miwili baadaye aliimba kuhusu ugonjwa wa Ukimwi, wakati ambapo wengi waliogopa hata kuutaja.

Franco aliaga dunia Oktoba 12, 1989, mjini Namur, Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51. Serikali ya Zaire ilitangaza siku nne za maombolezo, na umati mkubwa ulijitokeza mwili wake uliporejeshwa Kinshasa kwa mazishi.

Wanamuziki wake walijaribu kuendelea chini ya Simaro. Hata hivyo, mvutano kati yao na familia ya marehemu kuhusu mali ya bendi haukutatuliwa, na mwishoni mwa 1993 TPOK Jazz ikavunjika. Simaro na wenzake wakaanzisha Bana OK, yaani watoto wa OK. Bendi iliyoanza bila mwenyewe ikawa imekufa kwa sababu ya swali la nani mwenyewe.

Simaro alifariki Machi 2019. Mwezi wa Mei mwaka huo huo alifuata Mose Fan Fan, mpiga gitaa aliyekuwa amepita mikononi mwa Franco kabla ya kuja Afrika Mashariki na kupiga na Orchestre Makassy mjini Dar es Salaam. Mauti yalimkuta jijini Nairobi, akiwa bado mwanamuziki, zaidi ya nusu karne tangu ajiunge na bendi iliyopewa jina na mwenye baa.