Margaret Trowell: Mkono na Kalamu katika Uchongaji wa Makerere

Historia ya elimu ya sanaa Afrika Mashariki haiwezi kuandikwa bila kumtaja Margaret Trowell (1904-1985). Kwa kawaida hutajwa kama mwanzilishi wa Shule ya Sanaa ya Makerere. Lisilosisitizwa ipasavyo ni kwamba katika maisha yake kazi ya mikono na kazi ya utafiti zilikwenda pamoja, na kwamba baina yake palikuwa na mvutano ambao hakuutatua.

Trowell alisomea sanaa katika Shule ya Slade, London, kisha ualimu chini ya Marion Richardson. Mwaka 1929 alifuatana na mumewe, daktari Hugh Trowell, hadi Kenya, ambako alianza kuchunguza kazi za mikono za Wakamba. Mwaka 1935 walihamia Uganda, na mwaka 1937 akaanzisha darasa dogo barazani mwa nyumba yake huko Mulago. Kazi za wanafunzi zilionyeshwa Namirembe mwaka 1938 na London mwaka 1939.

Katika miaka ya 1940 aliitunza pia Makumbusho ya Uganda, ambayo wakati huo ilikuwa imehamishiwa Makerere. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwanafunzi aliyekuwa akijifunza kuchonga au kufinyanga aliweza kuvikuta karibu naye vyungu, ngao, vikapu na ala za muziki, na mwalimu wake ndiye aliyekuwa akivichunguza na kuviainisha. Zao la uchunguzi huo ni kitabu cha mwaka 1953 kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda, alichokiandika pamoja na Klaus Wachsmann, ambaye alishughulikia ala za muziki. Kwa maoni yetu, hiki ndicho kitabu chake bora, kwa kuwa kinaeleza namna kitu kinavyotengenezwa kabla ya kukipa maana.

Kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu uchongaji wa Kiafrika ni cha namna nyingine. Humo aliigawa sanaa hiyo katika mafungu matatu: ile inayoelekezwa kwa mizimu, ile inayoelekezwa kwa binadamu, na ile ya maonyesho ya ibada. Uainishaji huo unasaidia, lakini mifano yake mingi inatoka Afrika Magharibi na ya Kati. Mashariki ilionekana kama nchi ya mafundi wa vyombo, isiyo na wachongaji wa sanamu. (Hata hivyo, kichwa cha udongo kilichofukuliwa Luzira mwaka 1929 kilikwisha kuonyesha kwamba dhana hiyo ilihitaji tahadhari.)

Mvutano wenyewe unajitokeza hapa. Trowell alihofia kwamba wanafunzi wakionyeshwa mno sanaa ya Ulaya wangeiiga tu. Hivyo alipenda kuwasimulia tukio, wao walione akilini kisha walipe umbo. Nia hiyo ilikuwa njema. Lakini ni yeye aliyekuwa akiamua kipi ni cha Kiafrika, na mamlaka hayo aliyapata katika utafiti uleule. Ni vigumu kukubali kwamba mchongaji alindwe dhidi ya maarifa ambayo mwalimu wake anayo.

Gregory Maloba, mwanafunzi wake kutoka Kenya, hakukaa ndani ya mpaka huo. Kinyago chake cha mti kiitwacho Kifo ni miongoni mwa kazi za mwanzo zilizoipatia shule hiyo sifa. Baadaye alisoma Uingereza, akarudi kufundisha uchongaji Makerere. Trowell alistaafu mwaka 1958, na mrithi wake, Cecil Todd, akawafungulia wanafunzi historia ya sanaa ya ulimwengu mzima.

Mwaka 1962 Maloba alikamilisha Mnara wa Uhuru jijini Kampala: mwanamke aliyefungwa mwilini, akimwinua mtoto juu. Umbo hilo halina kielelezo katika mkusanyo wowote wa makumbusho aliyoitunza mwalimu wake.