Gunpei Yokoi

Gunpei Yokoi (kwa Kijapani: 横井 軍平, Kyoto, 10 Septemba 1941 – Ishikawa, 4 Oktoba 1997) alikuwa mhandisi na mbunifu wa vitu vya kuchezea na michezo ya kielektroniki kutoka nchini Japani. Alifanya kazi katika kampuni ya Nintendo kuanzia mwaka 1965 hadi 1996. Anajulikana hasa kama kiongozi wa idara iliyounda Game Boy, kifaa cha michezo cha mkononi kilichoanza kuuzwa mwaka 1989, na kama mbunifu wa kitufe cha msalaba ambacho sasa kinapatikana kwenye pedi za michezo duniani kote.

Yokoi alianza kazi kama fundi wa kutunza mitambo. Katika maisha yake yote alipendelea vipuri vya kawaida, vya bei nafuu na vilivyokwisha kuzoeleka, kuliko teknolojia mpya yenye gharama kubwa. Ndiyo sababu mojawapo ya vifaa vyake vingi kuendelea kufanya kazi, au kuweza kutengenezwa, miongo kadhaa baada ya kuuzwa.

Maisha ya awali

Yokoi alizaliwa katika mji wa Kyoto, uliokuwa mji mkuu wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu moja. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha kilichopo katika mji huohuo.

Mwaka 1965 aliajiriwa na Nintendo. Wakati huo kampuni hiyo haikuwa na uhusiano wowote na kompyuta. Ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 na ilijulikana kwa kutengeneza karata, hasa karata za maua za Kijapani ziitwazo hanafuda. Kazi ya Yokoi ilikuwa kukagua na kutengeneza mitambo ya kiwandani.

Vitu vya kuchezea

Mitambo ilipokuwa haina hitilafu, Yokoi alibaki na muda mwingi usio na kazi. Aliutumia kujitengenezea mkono wa kuchezea uliounganishwa kwa vipande vinavyopishana kama mkasi. Mtu akibana vishikio, mkono huo hurefuka mbele na kukamata kitu kilicho mbali. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alimwona nao alipotembelea kiwanda. Badala ya kumwadhibu kwa kuchezea muda wa kazi, alimwagiza aufanye kuwa bidhaa. Mkono huo uliuzwa mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, na zaidi ya milioni moja ulinunuliwa. Yokoi akahamishwa kutoka kwenye matengenezo na kupewa kazi ya kubuni.

Baadhi ya vitu alivyobuni baada ya hapo ni hivi:

- Love Tester (1969): watu wawili hushikana mikono, na kila mmoja hushika ncha moja ya kifaa. Mshale huonesha kiwango cha mapenzi yao. Kwa kweli ndani yake kulikuwa na kipimo cha kawaida cha mkondo mdogo wa umeme unaopita mwilini.
- Bunduki ya mwanga (1970): ilitumia seli za jua zilizotengenezwa na kampuni ya Sharp. Seli hizo hazikuwekwa ili kuzalisha umeme, bali kutambua kama mwanga wa bunduki umegonga shabaha.
- Lefty RX (1972): gari la kuchezea linaloongozwa kwa redio, lenye uwezo wa kukata kona upande wa kushoto tu. Kwa kuondoa uwezo wa kwenda kulia, bei ilipungua na watoto wengi zaidi waliweza kulipata.

Mwaka 1973 teknolojia ya bunduki ya mwanga ilitumika katika kumbi za kulenga shabaha, zilizofunguliwa kwenye majengo ya michezo ya boulingi yaliyokuwa yamekosa wateja. Mradi ulianza vizuri, lakini mgogoro wa mafuta wa mwaka huo ulisababisha maagizo mengi kufutwa, na Nintendo ikabaki na deni kubwa.

Game & Watch na kitufe cha msalaba

Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni za Kijapani zilishindana vikali katika kutengeneza vikokotoo. Kwa sababu hiyo bei ya skrini ndogo za LCD ilishuka sana. Inasimuliwa kwamba Yokoi, akiwa safarini katika treni ya mwendo kasi, alimwona mfanyakazi aliyechoka akibonyeza vitufe vya kikokotoo ili kupoteza muda. Akapata wazo la kutengeneza mchezo mdogo ambao mtu mzima angeweza kuuchezea mikononi mwake bila kuonwa na wengine.

Matokeo yake yalikuwa mfululizo wa Game & Watch, ulioanza mwaka 1980 kwa mchezo uitwao Ball. Kila kifaa kilikuwa na mchezo wake pamoja na saa, na kilitumia betri ndogo za duara kama za kikokotoo. Picha zilikuwa zimechorwa kabla ndani ya skrini. Umeme uliwasha au kuzima kila umbo mahali pake, kama tarakimu za kikokotoo zinavyofanya. Hadi mwaka 1991 vifaa zaidi ya milioni 43 vya mfululizo huo viliuzwa.

Mwaka 1982, katika toleo la Donkey Kong lenye skrini mbili na linalokunjwa kama kitabu, Yokoi aliweka kitufe kimoja chenye umbo la msalaba kwa ajili ya kidole gumba cha kushoto. Fimbo ya kuongozea iliyozoeleka katika mashine kubwa isingefaa kwenye kifaa cha kukunja na kutia mfukoni. Kitufe cha msalaba kilikuwa bapa, na mchezaji aliweza kuhisi pande zake nne bila kuangalia.

Mwaka 1983 kitufe hicho kiliwekwa kwenye pedi ya Famicom, mashine ya Nintendo ya kuunganishwa na televisheni. Kwa njia ya Famicom na mashine nyingi zilizoiiga, kilienea duniani kote, ikiwemo Afrika Mashariki. Pedi zinazotumika leo katika vibanda vya gemu vya Tanzania, kuanzia Dar es Salaam hadi miji ya nyanda za juu kama Njombe na Makambako, bado zina vitufe vya pande nne chini ya kidole gumba cha kushoto.

Katika kipindi hichohicho Yokoi alimsimamia kijana Shigeru Miyamoto. Nintendo ilikuwa na takriban mashine 2,000 za mchezo wa Radar Scope zilizokosa wanunuzi nchini Marekani. Badala ya kuzitupa, iliamuliwa zibadilishwe ndani na kuwekewa mchezo mpya. Mchezo huo ulikuwa Donkey Kong (1981), ambamo mhusika aliyekuja kujulikana kama Mario alionekana kwa mara ya kwanza. Baadaye Yokoi alikuwa mtayarishaji wa michezo ya Metroid na Kid Icarus (yote 1986).

Falsafa ya ubunifu

Yokoi aliuita mtazamo wake kwa Kijapani kareta gijutsu no suihei shikō. Maana yake ni kuifikiria kwa njia ya pembeni teknolojia iliyokwisha nyauka. Neno kunyauka hapa halimaanishi kuharibika. Linahusu teknolojia iliyokaa sokoni kwa muda mrefu hadi bei yake ikashuka, kasoro zake zikajulikana na mafundi wengi wakaielewa. Kufikiri kwa njia ya pembeni ni kuichukua teknolojia hiyo na kuipa kazi ambayo haikukusudiwa mwanzoni. Skrini ya kikokotoo ikawa uwanja wa mchezo, na seli ya jua ikawa shabaha.

Game Boy

Game Boy ilianza kuuzwa Japani tarehe 21 Aprili 1989. Tofauti na Game & Watch, ilipokea kaseti, hivyo mtu aliweza kubadilisha michezo bila kununua kifaa kingine. Uamuzi huo haukuwa wa Yokoi peke yake. Msaidizi wake Satoru Okada alisisitiza kwamba kifaa kiwe kompyuta kamili yenye uwezo wa kuendesha michezo mikubwa, na wawili hao walibishana kabla ya kukubaliana.

Katika suala la skrini, falsafa ya Yokoi ilitawala. Game Boy haikuwa na rangi. Skrini yake ilikuwa na nukta 160 kwa 144 na viwango vinne tu vya kivuli, juu ya rangi ya kijani iliyopauka. Haikuwa na taa ya ndani, kwa hiyo gizani haikuonekana. Kumbukumbu yake kuu ilikuwa kilobaiti 8.

Washindani wake walikuwa Atari Lynx (1989) na Sega Game Gear (1990), vyote vikiwa na skrini za rangi zenye mwanga. Hata hivyo, kila kimoja kilihitaji betri sita, ambazo ziliisha baada ya saa chache. Game Boy ilitumia betri nne za kawaida na iliweza kuchezwa kwa zaidi ya saa kumi. Pia ilikuwa nyepesi zaidi na bei yake ilikuwa ya chini. Nchini Marekani iliuzwa pamoja na Tetris, mchezo uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, ambao haukuhitaji rangi ili kufurahisha. Game Boy pamoja na mrithi wake Game Boy Color ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Virtual Boy

Mwaka 1995 idara ya Yokoi ilitoa Virtual Boy, kifaa cha kuchungulia kilichosimama mezani na kuonesha picha zenye kina. Ndani yake kulikuwa na mstari wa taa ndogo nyekundu na vioo vilivyotikisika kwa kasi ili kuunda picha mbele ya kila jicho. Rangi nyekundu ilichaguliwa kwa kuwa taa zake zilikuwa nafuu na zilitumia umeme kidogo.

Safari hii njia ya kupunguza gharama haikuzaa matunda. Wachezaji walilalamika kuhusu maumivu ya kichwa, shingo na macho. Kifaa hakikuweza kuchezwa safarini, na hakuna mtu mwingine chumbani aliyeweza kuona mchezo. Michezo 22 tu ilitolewa, vifaa visivyofika milioni moja viliuzwa, na uzalishaji ulisimamishwa kabla ya mwaka kwisha.

Kuondoka Nintendo na kifo

Mwaka 1996 Yokoi alikamilisha Game Boy Pocket, toleo dogo lenye skrini bora na linalotumia betri mbili. Mwezi Agosti mwaka huo aliacha kazi. Watu wengi waliamini kwamba alifukuzwa kwa sababu ya Virtual Boy. Yeye mwenyewe alikanusha, akieleza kwamba alikuwa na nia ya kujitegemea tangu zamani.

Alianzisha kampuni ndogo iitwayo Koto mjini Kyoto na kushirikiana na Bandai katika kubuni kifaa kipya cha mkononi. Tarehe 4 Oktoba 1997 alikuwa abiria katika gari kwenye barabara kuu ya Hokuriku, mkoani Ishikawa. Gari hilo liligongana na lori dogo. Yokoi aliposhuka kutazama uharibifu, aligongwa na gari lingine lililokuwa likipita. Alifariki akiwa na umri wa miaka 56.

Kifaa alichokuwa akikiandaa kilitolewa na Bandai mwaka 1999 kwa jina la WonderSwan. Kilitumia betri moja tu. Mmoja wa michezo yake ya kwanza uliitwa Gunpey kwa heshima yake.

Utunzaji wa vifaa vyake

Vifaa vya Yokoi hukusanywa na kutengenezwa na wapenzi wa kompyuta na michezo ya zamani katika nchi nyingi. Hitilafu za Game Boy zinajulikana vizuri. Betri zilizosahauliwa ndani huvuja na kuleta kutu kwenye vishikio vyake, ambayo husafishwa kwa siki au spiriti. Mistari ya wima inayopotea kwenye skrini husababishwa na kulegea kwa utepe unaounganisha kioo na saketi. Mara nyingi mistari hiyo hurudi utepe ukipashwa joto kwa uangalifu kwa pasi ya kulehemu. Kaseti zinazohifadhi maendeleo ya mchezaji nyingi zina betri ndogo ndani. Betri hiyo ikiisha, kumbukumbu hupotea, lakini fundi anaweza kuweka nyingine.

Virtual Boy ni ngumu zaidi kuitengeneza. Gundi iliyoshika tepe za skrini zake huachia kadiri miaka inavyopita, na picha hugawanyika vipandevipande.

Game Boy haitumiki kwa michezo tu. Kwa programu kama Nanoloop na Little Sound DJ, wanamuziki huitumia kutunga na kupiga muziki jukwaani, wakitumia sauti za saketi yake ya asili.

Urithi

Mwaka 2003 Yokoi alipewa, baada ya kifo chake, tuzo ya mafanikio ya maisha katika mkutano wa kimataifa wa waundaji wa michezo ya kompyuta nchini Marekani. Mpango wa skrini mbili na kifuniko cha kukunja, aliouanza mwaka 1982, ulirudi mwaka 2004 katika Nintendo DS. Kwa miaka mingi duka la Nintendo mjini New York lilionesha Game Boy iliyoungua kambini wakati wa Vita ya Ghuba. Ganda lake lilikuwa limeyeyuka na kuwa jeusi, lakini skrini ilikuwa ikiwaka na Tetris ilikuwa ikiendelea.