Joseph Bramah na Nguvu ya Vimiminika

Mvua zinapokaribia, mashamba ya Ipagala na sehemu nyingine za Dodoma hulimwa kwa majembe ya mkono, kwa maksai na kwa matrekta. Umewahi kulitazama trekta dogo likilima? Likifika mwisho wa shamba, dereva huvuta wenzo mmoja kwa mkono, na jembe zito la chuma huinuka. Jembe hilo huinuliwa na oili inayosukumwa kwa nguvu ndani ya silinda. Mmoja wa watu wa kwanza kuitumia nguvu hii ya vimiminika alikuwa fundi aliyeitwa Joseph Bramah.

Bramah alizaliwa mwaka 1748 katika kijiji cha Stainborough, nchini Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima, na kijana huyo naye angekuwa mkulima. Lakini alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi aliumia mguu, akawa hawezi tena kazi nzito za shamba. Akajifunza useremala. Baadaye alikwenda London, akafungua karakana yake. Mwaka 1784 alibuni kufuli madhubuti sana, ambalo halikufunguliwa na mtu asiye na ufunguo wake hadi mwaka 1851.

Zaidi ya miaka mia moja kabla ya kufuli hilo, Mfaransa Blaise Pascal alikuwa ameeleza kwamba kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, mgandamizo huenea sawasawa pande zote. Bramah aliitumia kanuni hiyo. Alichukua silinda mbili, moja nyembamba na moja pana, akaziunganisha kwa bomba na kuzijaza maji. Kila silinda ilikuwa na pistoni yake. Tuseme pistoni kubwa ina eneo mara 100 ya lile la pistoni ndogo. Ukiikandamiza ndogo kwa uzito wa kilo 1, kubwa itaweza kuinua kilo 100. Lakini ili kubwa ipande sentimita 1, ndogo lazima ishuke sentimita 100.

Kanuni ilikuwa sahihi, lakini mtambo ulikataa kufanya kazi. Mgandamizo ulipozidi, maji yalipenya kando ya pistoni na kuvuja, na nguvu ikapotea. Mafundi walipoikaza pistoni ili maji yasipite, ilikwama na haikuweza kurudi chini. Wangefanya nini? Katika karakana hiyo alikuwamo fundi kijana aliyeitwa Henry Maudslay. Yeye ndiye anayetajwa kuwa alipata dawa yake: pete ya ngozi iliyokunjwa mfano wa kikombe. Maji yaliposukuma, yaliitanua pete hiyo, nayo ikaibana pistoni. Mgandamizo ulipoondolewa, pete ililegea na pistoni ikarudi. Hivyo, kadiri maji yalivyosukuma ndivyo njia ya kuvujia ilivyozibika.

Mwaka 1795 Bramah alipewa hataza ya mtambo huo. Maudslay aliomba nyongeza ya mshahara, akakataliwa. Mwaka 1797 akaondoka na kufungua karakana yake mwenyewe. Bramah aliendelea na kazi mpaka alipofariki mwaka 1814.

Mwaka 1936, trekta lililobuniwa na Harry Ferguson wa Ireland lilianza kuuzwa likiwa na mtambo wa namna hii wa kuinulia jembe. Leo matrekta hutumia oili badala ya maji, na pete za mpira badala ya ngozi. Pete hizo huitwa sili. Hata hivyo, tatizo la Bramah lingali lipo.

Jembe likiinuka polepole, au likishuka lenyewe, fundi hutafuta sababu kwa utaratibu:

1. Hupima oili. Ikipungua, pampu huvuta hewa. Hewa hubonyea, kwa hiyo jembe huinuka kwa kushtukashtuka.
2. Hutazama chujio. Likiziba, oili haifiki ya kutosha kwenye pampu.
3. Hukagua mabomba na maungio yake kama yana unyevu wa oili.
4. Mwisho hukagua sili, vali na pampu. Sili ikichakaa, oili huweza kupita kando ya pistoni ndani ya silinda, na chini pasionekane hata tone.

Vumbi ni adui mkubwa wa sili, kwa kuwa huzikwaruza. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kifuniko cha oili, fundi hupafuta vizuri.

Hadhari: Usiingie kamwe chini ya jembe lililoinuliwa. Usitafute mahali panapovuja kwa kidole, maana oili yenye mgandamizo mkubwa huweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Fundi hushusha jembe chini na kuzima injini kabla ya kufungua kitu chochote.

Jaribio
Chukua mabomba mawili mapya ya sindano, moja kubwa na moja dogo, yasiyo na sindano. Yaunganishe kwa mpira mwembamba uliojaa maji. Sukuma dogo. Kubwa linafanya nini? Sasa legeza maungio kidogo, kisha sukuma tena.

Maswali
1. Kwa nini Bramah aliacha kazi za shamba?
2. Pete ya ngozi ilizuiaje maji kuvuja?
3. Jembe linashuka lenyewe, lakini chini hapana oili. Oili inapita wapi?