ELY CULBERTSON: BINGWA WA KARATA

Ukisikia neno karata najua utafikiria kamari, vijana wanaojificha nyuma ya maduka, na pesa zinazopotea hivi hivi. Huo ni ukweli, na walimu wetu wana haki kutukanya. Lakini iko karata nyingine inayochezwa kwa akili kama hesabu, nayo huitwa briji. Leo nataka kuwasimulia maisha ya mtu aliyeufanya mchezo huo ujulikane pande nyingi za dunia.

Ely Culbertson alizaliwa tarehe 22 Julai 1891 huko Rumania. Babake alikuwa Mmarekani, injinia wa madini, na mamake alikuwa Mrusi, binti wa jenerali wa Kozaki. Kwa hivyo alikulia katika mali. Alisoma Paris na Geneva, akajua lugha nyingi. Lakini yakaja Mapinduzi ya Urusi ya 1917, utajiri wa jamaa yake ukafagiwa wote. Yule mtoto wa tajiri akabaki hana kitu isipokuwa kichwa chake. Basi akaanza kujitafutia riziki kwa kucheza karata katika miji ya Ulaya. Mwaka wa 1921 alirudi Marekani, na mwaka wa 1923 akamwoa Josephine Dillon, mwalimu hodari wa briji mjini New York.

Sasa ngoja nieleze mchezo wenyewe. Wachezaji ni wanne, wawili dhidi ya wawili, na kila mmoja hupewa karata 13. Kabla ya kucheza kuna mnada. Kila mtu kwa zamu yake hutaja upande wao utakula mizunguko mingapi zaidi ya sita, na aina gani ya karata iwe turufu. Aina ni nne: pau ndiyo ya chini, kisha uru, kopa, na shupaza juu yao. Huruhusiwi kumwonyesha mwenzako karata wala kumkonyeza. Lugha yenu ni mnada tu. Mmarekani Harold Vanderbilt alipotengeneza hesabu mpya ya alama mwaka wa 1925, ikawa alama zinazokupeleka kwenye gemu ni zile ulizoahidi peke yake. Ukiahidi kidogo ukapata kingi, gemu imekupita. Ukiahidi kingi ukakosa, unatozwa.

Hapo ndipo akili ya Culbertson ilipoonekana. Fikiria una shupaza sita, kati yake ree, mfalme na malkia, na kopa tano zenye ree, mfalme na malkia vilevile. Uru una moja, pau moja. Mkono huo wa aina mbili ni mali kubwa! Lakini ukisema shupaza moja tu, mwenzako asiye na karata kubwa hata moja atanyamaza, na mnada utakufia hapo. Ukiruka moja kwa moja hadi shupaza nne, hatajua kamwe kwamba una kopa, na pengine kopa ndizo alizo nazo yeye.

Culbertson alifundisha kwamba mwenye mkono mkubwa namna hiyo afungue kwa mbili. Maana yake ilikuwa moja: mwenzangu, usinyamaze mpaka tufike gemu. Mwenzake akiwa maskini alijibu mbili bila turufu, na hapo mwenye mkono alipata nafasi ya kutaja kopa zake. Kama aina mbili zina urefu sawa, kwa kawaida aliagiza ianze ile ya juu. Ukitaja shupaza kisha kopa, mwenzako anaweza kurudi shupaza bila kupanda ngazi. Ukianza na kopa, lazima apande. Ni jambo dogo lakini linaokoa!

Mwaka wa 1929 alianzisha gazeti la The Bridge World, na mwaka wa 1930 akatoa kitabu chake maarufu cha mchezo huo. Wakubwa wa briji waliokuwapo kabla yake walikasirika, wakaungana na kutunga mfumo wao. Culbertson akawaita uwanjani. Tarehe 7 Desemba 1931 yeye na mkewe walianza kupambana na Sidney Lenz na Oswald Jacoby, hotelini New York. Culbertson aliweka dola 5,000 dhidi ya 1,000 za Lenz, pesa za kwenda kwa wasiojiweza. Angeshindwa, jina lake lingezikwa. Raba zilikuwa 150, na magazeti yaliandika kila siku. Katikati Jacoby alitofautiana na Lenz akaacha kucheza. Mapema Januari 1932 mchezo uliisha, na Culbertson alikuwa ameshinda kwa alama 8,980.

Lakini mpanda ngazi hushuka. Mwaka wa 1937 mjini Budapest, timu yake ilishindwa na Waaustria katika ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata yeye na Josephine wakatalikiana. Wawili waliokuwa wakielewana kwa maneno machache mezani hawakuweza kuelewana nyumbani. Hilo mimi naliona la kuhuzunisha kuliko kushindwa kwa Budapest.

Tangu hapo alitumia nguvu na pesa zake kutafuta amani. Aliandika mpango wa mataifa kuungana, silaha kubwa zigawanywe kwa kipimo na kuwe na jeshi moja la kuzuia vita. Mwaka wa 1943 alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Mataifa hayakuufuata mpango wake. Hata katika briji, hesabu ya alama ya Charles Goren ikachukua nafasi ya mfumo wake. Alifariki tarehe 27 Desemba 1955 huko Brattleboro, Vermont.

Wanafunzi wenzangu, huyu alipoteza mali mara moja akaanza upya na kichwa chake. Sisi tunaotembea kila asubuhi kuja shule, tunacho kichwa pia. Na tukiwa na mwenzetu katika kazi yoyote, tumweleze tulicho nacho mapema, kabla mnada haujafungwa.